Nileteeni Nyoka Mwenye Kichwa

Juzi mliponiaga ninapostaafu unesi mlinipa blanketi na hotuba. Blanketi nitalitumia, maana ninarudi Chawia na kule milimani baridi haina adabu. Hotuba nayo ilikuwa nzuri, ila sikumtambua huyo mtu aliyekuwa akisifiwa. Eti nilipandishwa cheo, nikahamishwa, nikapandishwa tena. Hakuna hata mmoja wenu aliyetaja nyoka. Na mimi, wanangu, ukiniondolea nyoka katika kazi yangu, kinachobaki ni kufunga vidonda na kugombana na watu kuhusu foleni.

Basi nimeamua kuandika mwenyewe. Nitaandika ile miaka ya hamsini tu, nilipoanza kazi katika zahanati ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Voi. Iliyofuata wengi wenu mliiona kwa macho yenu, na wengine bado mna hasira nami, kwa hiyo tuiache.

Nilishuka kutoka milimani na sanduku la mbao, viatu vya dada yangu, na unesi niliofundishwa na watu wa misheni, na sehemu kubwa ya unesi huo ilikuwa kunawa mikono na kuimba. Kuhusu nyoka nilifundishwa jambo moja tu, kwamba ndiye aliyemponza Hawa. Voi ilinipokea kwa vumbi jekundu na joto la kumkausha mtu mate. Zahanati ilikuwa na vyumba viwili vya mabati, baraza, benchi, na mwarobaini mmoja ambao kila mgonjwa alikwanyua majani yake kabla ya kutuona sisi, akiba endapo tutashindwa.

Mkubwa wa pale alikuwa mganga msaidizi wa makamo, dresa kama tulivyowaita siku hizo, Mzee Seif, mtoto wa familia ya Waislamu waliokuja Voi kutoka pwani tangu reli ilipofika. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia safi na miwani iliyofungwa kwa uzi sikio moja. Alinitazama tangu viatu vya dada yangu hadi kichwani.

"Niliomba mwanamume mwenye nguvu," akasema. "Wameniletea mwanakwaya. Unaogopa nyoka?"

"Naogopa, Mzee."

"Afadhali. Aliyekutangulia alikuwa haogopi."

Sikuthubutu kuuliza aliyenitangulia alikwenda wapi. Baadaye nilijua kwamba alihamia Mombasa akauza vitambaa, lakini siku ile mawazo yangu yote yalikuwa makaburini.

Kabla sijaweka sanduku chini, wakaja wakata mkonge wamembeba mwenzao, na nyuma yao mtu mwingine akiwa na fimbo iliyoning'iniza nyoka. Walikuwa na fahari kama watu waliorudi vitani. Mzee Seif hakumtazama mgonjwa kwanza, alimtazama nyoka. Mahali pa kichwa palikuwa na uji.

"Kichwa kiko wapi?"

"Tumekiponda, Mzee. Tumekiponda sawasawa!"

"Naona. Sasa nimuulize nani jina lake? Mkia?" Akaanza kupiga kelele zilizosikika hadi kwenye karakana ya mkonge. "Kila siku nawaambia! Nileteeni nyoka mwenye kichwa! Akishakufa amekufa, hahitaji kufa mara saba!"

Wale watu walimsikiliza kwa heshima, wakasema ndiyo Mzee, tumesikia Mzee, na wiki iliyofuata wakaleta mwingine aliyepondwa vilevile. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi yangu. Maana tatizo letu halikuwa nyoka. Tatizo letu lilikuwa desturi. Kila mtu alijua kwamba nyoka asipopondwa kichwa hafi mpaka jua lizame. Na kila mtu alijua kwamba asipochomwa kwa mafuta ya taa, mwenzake atafuata harufu ya damu na kuja kulipiza. Mtaita alijua hivyo, Mkamba alijua hivyo, na watu wa pwani walijua zaidi ya wote, kwa sababu wao waliongeza na dua. Kwa hiyo tukio likitokea, jambo la kwanza watu walilofanya lilikuwa kuangamiza kitu pekee ambacho kingetusaidia, na la pili lilikuwa kumfunga mgonjwa kamba hadi mkono au mguu uwe wa buluu, kumchanja kwa wembe na kumbandika jiwe jeusi la nyoka, lile linalosemekana kunyonya sumu. Mgonjwa akitufikia, hujui kilichomuuma ni nyoka au ni majirani.

Na jina lilikuwa daima koboko, yule nyoka auaye upesi kuliko wote. Sijapata kuona watu wanaompenda koboko kama watu wa Voi. Nyoka wa kijani, koboko. Nyoka wa kahawia anayekula panya darini, koboko. Wakati fulani mke wa meneja alituita mbio kwa sababu askari wa lindo amemuua koboko chini ya maua ya kikaratasi. Tulikuta amekatakata kwa panga mpira wa kumwagilia maji, na mle ndani ya bustani maji yalikuwa yakiruka pande zote. Askari yule alisimama amelowa, bado ameshika panga. Mzee Seif aliinama, akaokota kipande kimoja, akakigeuza.

"Huyu hana sumu," akasema. Akageuka na kwenda zake.

Alinifundisha polepole, na kwa matusi. Alikuwa na karai la bati alilolaza nyoka waliokufa, yeyote aliyeletwa akiwa na umbo lililobaki, na kila asubuhi kabla wagonjwa hawajajaa alinisimamisha mbele ya karai hilo. Rangi alinikataza kabisa kuitaja. "Rangi ni nguo," alisema, "na nyoka hubadilisha nguo kuliko memsahibu." Alinifundisha kutazama kama kuna shingo au hakuna, mkia umechongoka ghafla au pole pole, jicho lina mboni ya wima au ya mviringo. Tena alinifundisha kutazama mahali nyoka alipopatikana, maana nyoka haji nyumbani kwako kukutembelea wewe. Aliyekuwa kwenye banda la kuku amefuata mayai au vifaranga, aliyekuwa stoo amefuata panya, na aliyejibanza nyuma ya mtungi amefuata chura, na chura amefuata maji.

Swila tulimjua kwa macho ya watu. Akijificha kwenye kuni na mama akaja kuchukua ukuni, humtemea mate yenye sumu usoni, na yule mama huletwa amefumba macho akilia. Kwa mama huyo huna haja ya kumwona nyoka hata kidogo. Unamlaza, unamfungua macho kwa nguvu, unammwagia maji safi mengi, mpaka yeye na wewe na sakafu mmelowa. Msisahau hilo. Nimewaona vijana wa siku hizi wakikimbilia kutafuta dawa ya matone huku ndoo ya maji imesimama karibu nao.

Kulikuwa pia na mla mayai, ambaye hana meno ya kumdhuru mtu, lakini ana maigizo. Ukimshtua hujikunja na kusugua magamba yake ubavu kwa ubavu hadi yatoe sauti kama maji yaliyodondoka kwenye mafuta ya moto. Mwenye hoteli mmoja wa Miasenyi, pale barabarani, alifunga hoteli yake siku nzima kwa ajili ya mmoja wa hao aliyeingia kwenye kapu la mayai. Nilitumwa mimi. Nilimtoa kwa mkono, wateja wakanishangilia, na nikajiona bingwa. Niliporudi na kumsimulia Mzee Seif, aliniuliza tu: "Ulimtazama kwanza, au ulimshika kwanza?" Nilikuwa nimemshika kwanza. Alinioshesha karai lile kwa wiki nzima.

Lakini wawili waliotusumbua kuliko wote walikuwa kifutu na nyoka wa mchangani. Kifutu mnamjua: mnene, mvivu, hulala kwenye majani makavu na hahami hata ukimkaribia, na sumu yake huozesha nyama. Nyoka wa mchangani naye ni mnene, mfupi, ana mabaka ya kahawia na manjano, hujizika kwenye udongo tifutifu wa bustani akiacha macho tu, na hana sumu hata tone. Akiuma hutoa damu, basi. Ukimwona mzima huwezi kukosea, kwa sababu kichwa cha kifutu ni kipana kama koleo na cha mwenzake ni kidogo, hakina shingo. Ila nimeshawaambia vichwa vilikuwa vinakwenda wapi.

"Kichwa kikikosekana, pitisha kidole," Mzee Seif alinifundisha. "Kutoka mkiani kwenda mbele. Gamba la kifutu lina ukingo katikati, litakukwaruza kama msasa. Kisha mgeuze. Usiache kumgeuza, binti. Mgongo ni wa kujificha, kwa hiyo mgongo hudanganya. Tumbo hulitumia kutembea tu, halina sababu ya kumdanganya mtu."

Sasa niwaambie kuhusu sindano. Tulikuwa nayo, dawa ya sumu ya nyoka, chupa chache zilizokaa kwenye friji ya mafuta ya taa nyumbani kwa meneja, kati ya siagi yake na bia zake, maana hapakuwa na friji nyingine. Dawa ile ilitengenezwa kutokana na damu ya farasi, na kuna watu ambao miili yao haipatani na farasi. Mzee Seif alikuwa mmoja wao. Ujanani kifutu alimuuma kidole, akapigwa sindano, na kidole kikapona, ingawa kilibaki kimepinda. Lakini kabla ya kupona uso ulivimba hadi macho yakafumba, koo likamfunga, na daktari alimrudisha kwa shida. Aliambiwa asiguswe tena na dawa ile. Yeye alilisimulia jambo hilo kama mzaha. "Mimi nyoka hataniua," alikuwa akisema. "Mimi nitauawa na farasi."

Mkewe, Bi. Zuhura, hakucheka hata mara moja aliposikia mzaha huo.

Walikaa landhi, zile nyumba za safu za reli, karibu na stesheni, na nyuma ya nyumba Mzee Seif alikuwa na bustani ya mchicha na biringani ambayo aliipenda kuliko zahanati. Ilikuwa asubuhi ya siku yake ya mapumziko, baada ya mvua kidogo. Alikuwa akifukua udongo kwa mikono chini ya majani makavu, miwani ameiacha dirishani kwa sababu ya jasho, na kitu kikamuuma chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia.

Walimleta zahanati kwa mkokoteni wa mizigo. Nilikuwa peke yangu. Nilimwona Bi. Zuhura kwanza, amevaa leso moja tu, na nikashangaa, kwa maana hakuwa mwanamke wa kutoka nje nusu. Kisha nikaiona leso ya pili. Ilikuwa imemfunga mumewe juu ya kifundo cha mkono kwa fundo ambalo lingefunga ng'ombe. Mkono kutoka hapo hadi vidoleni ulikuwa umevimba, umeiva, rangi ya biringani zake mwenyewe. Mahali alipoumwa pamechanjwa kwa wembe msalaba kwa msalaba, hapasomeki tena alama ya jino lolote. Juu yake jiwe la nyoka.

"Nyoka yuko wapi?" nikauliza.

"Nimemchoma," akasema Bi. Zuhura.

"Na kichwa?"

"Nimekiponda kwanza. Kwani wewe ungefanyaje?"

Miaka yote ile mumewe alikuwa amepiga kelele hadi sauti ikamkauka, na nyumbani kwake mwenyewe hakuna aliyemsikia. Mnaweza kucheka. Mimi siku ile sikucheka. Nilimtazama Mzee Seif pale kitandani, ametoka jasho, midomo imekauka.

"Mzee, ulimwona?"

"Sikuwa na miwani."

"Alikuwa mnene?"

Akafumba macho. "Mimi leo ni mgonjwa," akasema. "Dresa ni wewe. Nenda kazini."

Nilimkasirikia sana. Nilidhani ni ile jeuri yake ya kila siku.

Nikamwambia mwenye mkokoteni akamwite meneja alete sindano, kisha nikakimbia hadi landhi, maana si mbali. Bi. Zuhura alikuwa mtu wa kazi kamili. Alimwaga mafuta ya taa mengi, akarundika majani na vijiti, na kilichobaki ni jivu na vipande vilivyojikunja kama ngozi ya viatu. Nilichakura kwa kijiti nikiomba kwa dini yangu na ya kwao pia. Chini kabisa, pale udongo ulipokuwa bado umelowa mvua, nilipata kipande cha urefu wa kiganja, sehemu ya nyuma, mahali mwili unapoishia na mkia kuanza. Mgongo ulikuwa umeungua. Nikapitisha kidole kutoka mkiani kwenda mbele.

Kilinikwaruza.

Nilikaa chini pale kwenye mchicha. Magamba ya ukingo, mnene, kwenye majani makavu. Kifutu. Nilikiona kifo cha Mzee Seif kikija kwa njia mbili, na mimi ndiye nitakayechagua ipi. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa sauti, na jirani mmoja akaanza kulia nami bila kujua kwa nini.

Ndipo nikamgeuza. Sikumgeuza kwa akili, nilimgeuza kwa mazoea, kwa sababu ya asubuhi zote zile mbele ya karai. Tumbo lilikuwa limelalia tope, halikuungua. Kifutu ana mabamba mapana chini, bamba moja hushika tumbo lote kutoka ubavu hadi ubavu, kama mabati ya paa. Huyu wangu alikuwa na ukanda mwembamba tu katikati, na pande zote mbili magamba madogo madogo yakipanda kuelekea mgongoni. Nikapangusa tope kwa gauni langu, nikatazama tena. Nikakumbuka kitu nilichopata kukiona kwenye karai na kukipuuza, kwamba nyoka wa mchangani ni laini mwili mzima, ila akifika mkiani hukwaruza. Na mimi nilikuwa nimeshika mkia.

Nilirudi zahanati mbio. Meneja alikuwa amefika kwa miguu na chupa ya dawa ndani ya bilauri ya barafu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amevaa shati nje ndani, kwa jinsi alivyotoka kwa haraka. Daktari alikuwa kule juu milimani, na lori la shamba lilikuwa limekwenda Mata kuchukua mahindi.

"Piga sindano, nesi," akasema.

"Hapana, Bwana. Si kifutu."

Bi. Zuhura akasimama. Nikamwonyesha kile kipande, nikamweleza tumbo, ukanda, magamba. Alikitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mghoi, mwanangu," akasema, taratibu kabisa, "huu ni mkia wa nyoka aliyeungua. Wataka nimwache mume wangu afe kwa ajili ya mkia?"

"Mama, sindano yenyewe yaweza kumuua. Wewe wajua."

"Farasi labda atamuua. Kifutu atamuua kwa yakini. Mimi nimeuona mkono wake! Huuoni? Wazima wana mkono kama huu?"

Alikuwa na haki. Wanangu, sikilizeni vizuri, alikuwa na haki kabisa. Kama kipande kile ningekisoma vibaya, basi kila dakika niliyokuwa nikibishana ilikuwa inamla mumewe. Meneja naye aliitazama chupa, kisha akanitazama. Wote walimgeukia Mzee Seif. Nami nikamgeukia, nikamsihi.

"Mzee, tafadhali. Sema neno moja."

Alikuwa macho. Alikuwa ananitazama. Hakufungua mdomo.

Basi nikafanya kazi. Nilimfunua midomo nikatazama ufizi; hapakuwa na damu. Nikamtazama juu ya fundo la leso, nikaminya kwa vidole hadi kwenye kiwiko na kwapani. Nyama ilikuwa laini, haina joto, haina uvimbe. Sumu ya kifutu haiheshimu leso, ingekuwa imeshapanda. Nikamwambia Bi. Zuhura, mkono huu haukuumwa na nyoka zaidi ya ulivyoumwa na leso yako, na ninaifungua. Akanishika mkono. Alikuwa na nguvu. Tulishikana pale juu ya mumewe kama watu wanaogombania ndoo bombani, wote wawili tukilia, hadi yeye akaachia kwanza. Sijui kwa nini aliachia. Sikupata kumuuliza.

Nililegeza fundo kidogo, nikasubiri. Nikalegeza tena. Meneja alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano na kuliweka mezani karibu nami, tayari. Damu iliporudi mkononi Mzee Seif alipiga ukelele wa maumivu, na Bi. Zuhura akapiga wake, na mimi nikajua nimemuua. Kisha ile rangi ya biringani ikaanza kutoka. Ilitoka polepole kuanzia kifundoni, ikafuata kiganja, ikabaki kwenye kucha, ikaondoka. Tulikaa tukimtazama mpaka kivuli cha mwarobaini kikahama kutoka mlangoni. Ufizi mkavu. Mkono ukinywea. Hatimaye akaomba chai, na akalalamika kwamba haina tangawizi.

Meneja akarudisha chupa kwenye friji yake. Bi. Zuhura alitoka barazani akaswali, na aliporudi aliichukua leso yake akaikung'uta na kujitanda.

Mzee Seif akaomba nimpe kile kipande. Alikipitishia kidole kwa mkono wa kushoto, akakigeuza, akakishika muda mrefu juu ya kifua.

"Masikini," akasema. "Nilimwacha akae pale bustanini tangu mwaka jana. Alikuwa ananiondolea panya."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Ulimjua?"

"Nilijua kuna mmoja. Nilipoumwa nikadhani ndiye."

Nilisimama. Sikuwahi kumpandishia sauti mtu mzima, na sijui nilitoa wapi ujasiri. Nilimwambia kwamba nimekaa kwenye tope nikilia, nimepigana na mkewe, nimesimama na roho yake mikononi, na yeye alikuwa amelala pale na jibu mdomoni. Nilimwambia ni mtu mbaya. Bi. Zuhura alisema maneno makali zaidi, ya kipwani, ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu ninyi wengine mmeokoka.

Alitungoja tumalize.

"Nilidhani," akasema. "Sikumwona. Ningekwambia ni yule wa mchangani, ungetupa kipande hiki, ungefungua leso, usingetazama hata ufizi. Kwa heshima. Na kama ni kifutu, ungenizika kwa heshima vilevile."

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mingi baada ya hapo, na alikufa mzee, kitandani kwake, kwa moyo, bila nyoka wala farasi. Hasira yangu ilikaa kama mwezi mzima.

Sasa mimi ninakwenda kulima bustani Chawia, na macho yangu si yale. Siku moja huenda mkaletewa bibi mmoja kwenye machela, mkononi amefungwa leso, na mtanitambua, na wengine mtaanza: "Shikamoo, Mama, wewe ndiye bingwa, tuambie alikuwa nyoka gani." Nitawajibu. Mimi si Mzee Seif, mdomo wangu haujui kunyamaza, na nitasema jina kwa sauti ya kujiamini kabisa. Msinisikilize. Nisalimuni, mnikalishe, kisha mnifunue midomo mtazame ufizi.